Jinsi ya kuandaa gumzo la mtandaoni kati ya mwandishi wa fantasia na wasomaji wachanga: mwongozo kwa vituo vya Uganda

Saa moja ya kuchati kwa maandishi ina nafasi ya maswali 20, na hapo mwandishi awe mwepesi. Mtu anayechapa maneno 40 kwa dakika hutumia dakika mbili kuandika jibu la maneno 80, na dakika nyingine moja kusoma swali na kufikiri. Ukiwaalika watoto 60, kila mmoja na swali lake, 40 watarudi nyumbani bila kutajwa. Mtoto aliyesoma kitabu kizima kwa ajili ya siku ile, akaandika swali lake kwa mwandiko safi, halafu asilione popote, hatarudi mara ya pili.

Kwa hiyo maandalizi yaanze na hesabu hii, si na kasi ya intaneti. Watoto 60, maswali 20, majina matatu kwa kila swali. Maswali yanayofanana huunganishwa, na mwandishi anapojibu anawataja wote watatu. Yote yanayofuata hapa chini yamejengwa juu ya jambo hilo moja. Mwongozo huu ni wa walimu wa Kiswahili, wakutubi, viongozi wa vilabu vya kusoma na wazazi wa Kampala, Jinja, Arua, Bombo, Mbale, Busia na kwingineko ambako kuna kikundi cha watoto, mtu mzima mwenye subira na simu janja moja.

Vituo badala ya simu ya kila mtoto

Wengi hufikiria kwanza kuunda kikundi cha WhatsApp na kuwaingiza watoto wote. Usifanye hivyo. Katika kikundi cha kawaida kila mwanachama anaona namba za simu za wenzake, na ukishamweka mtoto humo huna tena namna ya kuificha namba ile. WhatsApp yenyewe inataka mtumiaji awe na umri wa miaka 13 au zaidi, ilhali wasomaji wakali wa fantasia huanzia miaka 10. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu kabisa. Na kuna gharama: tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda linatozwa ushuru wa asilimia 12, na si kila mzazi atakubali bando la nyumbani liishie kwenye mazungumzo ya majini na mazimwi.

Chagueni vituo vitatu, kila kimoja na watoto wasiozidi 20: maktaba ya umma, darasa, ukumbi wa msikiti au kanisa, hata sebule pana. Kila kituo kiwe na kompyuta au simu moja, na watu wazima wawili. Mmoja ni mchapaji, anayeandika na kusoma kwa sauti. Wa pili ni mlezi, anayekaa na watoto na kuwaangalia nyuso. Mtu mzima asiachwe peke yake na watoto hata kwa dakika kumi. Kwa sababu hiyo tu, kituo chenye mtu mzima mmoja kifutwe na watoto wake wahamie kituo cha jirani.

Juu ya vituo kuna watu wawili. Mwenyeji humkaribisha mwandishi na kuangalia saa. Mlinda mlango hupokea maswali, huyaunganisha na kuyapitisha. Kazi hizi mbili zisiwekwe kwa mtu mmoja, maana kuunganisha maswali kunahitaji macho yote mawili na mwenyeji anapaswa kuzungumza.

Kisha undeni vikundi viwili vya WhatsApp. Kimoja kiiteni Jikoni. Humo wamo wachapaji watatu, mlinda mlango na mwenyeji, na wote wanaandika: maswali mapya, malalamiko, "umeme umekatika Mbale, tunahamia kwenye simu". Cha pili ni Sebule. Humo wamo wote wa Jikoni pamoja na mwandishi, lakini kiwekwe ili wasimamizi pekee ndio waweze kutuma ujumbe, na wasimamizi wawe watatu: mwandishi, mwenyeji na mlinda mlango. Wachapaji wanasoma tu. Vikundi viwili vinaonekana kama usumbufu hadi siku ya gumzo, pale mwandishi anapokuwa katikati ya jibu zuri na ujumbe wa "hapa kwetu hatuoni picha" ukaingia kulikata. Ujumbe ule ulikuwa wa Jikoni.

Kwa nini maandishi, wala si video? Simu ya video ya kikundi kwa Zoom hula megabaiti 800 na zaidi kwa saa, kwa kila kifaa, na akaunti ya bure hukatika baada ya dakika 40. Gumzo la maandishi kwa saa nzima halifiki megabaiti chache. Halafu kuna mvua juu ya mabati: ikinyesha, hakuna mtoto atakayesikia sauti ya spika, lakini maandishi kwenye skrini yanasomeka. Facebook nayo ilifungwa nchini Januari 2021. Shughuli ya watoto isijengwe juu ya kitu ambacho wazazi walilazimika kukitafutia njia ya uchochoroni.

Watoto hata hivyo wanataka kumwona mtu. Mwombe mwandishi ajirekodi video ya dakika mbili, aitume siku mbili kabla, na kila kituo kiipakue mapema. Video hii ina kazi nyingine muhimu tutakayoieleza kwenye maswali.

Tarehe na saa

Likizo ndiyo wakati wake: Mei, Agosti hadi Septemba, au ile ndefu ya Desemba na Januari. Wiki ya kwanza iacheni, maana watoto wanasafiri kijijini au wanalala. Wiki ya pili, kati ya Jumanne na Alhamisi, ni salama. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini, Jumamosi Waadventista wako kanisani, Jumapili Wakristo wengine nao. Kwa kawaida mvua hushuka zaidi alasiri, basi asubuhi ni bora.

Saa ndiyo inayoponza watu. Ukimwambia mwandishi aliye ng'ambo "saa 4", kwetu ni asubuhi, kwake ni alasiri, na watoto 60 watakaa mbele ya skrini tupu. Kosa hili hutokea hata kati ya Waganda wenyewe, maana Kiluganda huhesabu saa kama Kiswahili lakini barua pepe huandikwa kwa saa za Kiingereza. Andikeni zote mbili kila mara: saa 4 asubuhi, yaani 10:00 ya Kampala. Uganda haibadilishi saa mwaka mzima, lakini Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kampala iko mbele ya London kwa saa 3 wakati wa baridi kwao na saa 2 wakati wa joto. Kwa mwandishi aliye New York, saa 4 asubuhi yetu ni usiku wa manane kwake. Hapo hamna budi kuchagua saa 10 jioni, ambayo kwake ni asubuhi, na kuibeba hatari ya mvua.

Kitabu kiwafikie watoto

Gumzo bila kusoma ni watoto kumuuliza mtu mashuhuri ana gari gani. Lakini nakala ni chache, basi pigeni hesabu. Kitabu cha kurasa 200, kwa kurasa 15 kwa siku, kinamalizika kwa wiki mbili. Nakala 5 kwa watoto 20 ni mizunguko minne, jumla wiki nane, na gumzo ni wiki ya pili ya likizo. Njia inayowezekana ni kusoma kwa sauti. Msomaji mzuri husoma kama maneno 130 kwa dakika, kwa hiyo sura ya maneno 3,000 inakwenda dakika 23 hivi. Vikao viwili vya sura mbili mbili kila wiki, kwa wiki sita, vinatosha kitabu cha sura 24. Maana yake muanze shule ikiwa bado wazi.

Msitawanye nakala ya PDF iliyookotwa mtandaoni. Ni mali ya mtu, na mtu huyo ndiye mgeni wenu. Andikieni mchapishaji mkiomba ruhusa ya maandishi ya kutumia sura moja au mbili. Ombi dogo lenye tarehe, idadi ya watoto na jina la kituo hujibiwa haraka kuliko ombi la kitabu kizima.

Maswali: hapa ndipo tumieni muda

Wiki mbili kabla, kila mtoto aandike maswali matatu, kila moja kwenye karatasi yake, kwa lugha anayoiweza. Mtoto wa Bombo au Arua anayezungumza Kinubi nyumbani, wa Jinja mwenye Kisoga, wa Gulu mwenye Kiacholi, wote waandike kwanza, tafsiri ije baadaye. Msikosoe sarufi katika hatua hii. Mtoto anayeogopa ngeli ataandika swali fupi la kujikinga, na swali la kujikinga halina uhai.

Mtapata karatasi 180, na fungu kubwa litakuwa maswali yale yale: ulianza kuandika lini, wazo ulilipata wapi, una miaka mingapi, unalipwa kiasi gani. Ni maswali halali, lakini yakiingia kwenye saa ya gumzo yataimaliza. Hapo ndipo video inapofanya kazi. Mpelekee mwandishi manne au matano kati ya hayo ayajibu kwenye salamu zake. Watoto waliouliza watasikia majibu kwa sauti yake, na saa nzima itabaki kwa ajili ya kitabu.

Ili kuyapata maswali ya kitabu, wafundisheni watoto kuichunguza dunia ya hadithi kwa safu tatu: uwezo, bei, mpaka. Nani ana uwezo gani? Akiutumia analipa nini? Ni kitu gani ambacho uwezo huo hauwezi kabisa? Msianze na kitabu cha mgeni. Anzeni na hadithi ambayo watoto wameikuta nyumbani. Kwa Baganda, Kintu na Nambi walipewa ruhusa ya kushuka duniani kwa mpaka mmoja: wakishaondoka wasirudi nyuma. Nambi akakumbuka nafaka ya ulezi ya kulisha kuku wake, akarudi, na bei ikawa Walumbe, yaani kifo, kuwafuata. Kayikuzi, ndugu yake Walumbe, alipotumwa kumkamata, naye akaweka mpaka: watu wakae kimya. Watoto wakapiga kelele, Walumbe akazama ardhini pale Ttanda, wilayani Mityana. Mipaka miwili imevunjwa, bei mbili zimelipwa. Kwa watoto wa Pakwach na Nebbi tumieni mkuki na ushanga wa ndugu wawili wa hadithi, Gipir na Labongo, na wa Toro na Bunyoro wana Bachwezi wao, watawala wa masimulizi ya kale.

Baada ya zoezi hilo maswali hubadilika. Badala ya "Kwa nini shujaa anaruka?" mtoto huandika "Kama akiruka anapoteza kumbukumbu moja, kwa nini hakuwahi kusahau jina la mama yake?" Swali la namna hiyo humfanya mwandishi akae wima. Mara nyingine hana jibu, na mtoto ndiye anayegundua ufa kwenye kitabu. Maswali kama hayo yapewe nafasi hata yakiwa marefu.

Kuunganisha ni kazi ya mlinda mlango, ikamilike siku tatu kabla. Asomee mezani, karatasi zote zikiwa zimetandazwa, azipange kwa mada: uwezo, mahali na ramani, majina na lugha, adui, mwisho wa hadithi, namna ya kuandika. Kisha achague 20. Kila swali libaki na maneno ya mtoto mmoja kadiri inavyowezekana, na majina mawili ya wenzake yaongezwe. Asilirembe. Swali lililolainishwa na mtu mzima hutambulika mara moja, na mwandishi hulijibu kama anayejibu gazeti.

Majina tunayosema hapa si majina halisi. Kila mtoto ajichagulie jina la kalamu: Chui Mweupe, Binti Mawingu, Mlinzi wa Daraja. Wanalifurahia kuliko chochote, na ndiyo kinga yao. Jina halisi, shule, mtaa na umri kamili havitokei Sebuleni. Kituo hutajwa kwa mji tu.

Kati ya maswali 20, mpelekee mwandishi manane siku moja kabla, na 12 ayaone siku yenyewe. Ukimpa yote atakuja na insha tayari, na watoto wanajua: jibu la maneno 80 likitua sekunde tano baada ya swali, hawahisi tena kwamba kuna mtu upande wa pili. Usipompa hata moja, naye atakwama kwenye swali la kwanza na kula dakika saba.

Kama mwandishi hajui Kiswahili, Jikoni inahitaji mfasiri. Hapo kila swali linachukua dakika tano badala ya tatu, na saa moja inabeba maswali 12 tu. Punguzeni mapema, au ongezeni majina kuwa matano kwa swali. Msijaribu kukimbiza mambo.

Uchawi, dini na mashaka ya mzazi

Ukimwambia mzazi "mwandishi wa vitabu vya uchawi anachati na mtoto wako", ana haki ya kushtuka. Mwaka 2021 Uganda ilipitisha sheria mahsusi ya kuzuia kafara ya binadamu, na watoto wanajua kwa nini sheria hiyo ilihitajika. Kwao mganga mbaya si kiumbe cha ramani ya kubuni pekee, ni habari iliyosomwa redioni. Mwandishi wa mbali hajui hilo, basi mwambieni.

Kwenye barua kwa mzazi elezeni kitabu kwa sentensi tatu: kinahusu nini, uovu ndani yake ni upi, na nani anaushinda. Mzazi anayetaka kukisoma kwanza apewe nakala. Akikataa, mtoto asibembelezwe wala asichekwe.

Mwandishi ajiandae kwa swali moja ambalo halikosekani: je, uchawi upo kweli? Jibu linalofaa ni fupi: uchawi wa kitabu changu nimeubuni mimi, una sheria nilizoziandika, na nje ya kurasa zake haufanyi kazi. Asiingie kubishana kuhusu majini, mapepo au imani ya mtu. Chumbani kuna Waislamu, Walokole na Wakatoliki, na kila mmoja atapeleka jibu nyumbani. Ikiwa kitabu kina tukio la kafara, maswali yake yasiende moja kwa moja. Mlinda mlango amwonyeshe mwandishi kabla, na jibu liseme waziwazi kwamba ndani ya hadithi tendo lile ni uovu na lilimponza aliyelitenda.

Ruhusa ya maandishi

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi wa nyumbani kabla ya kukusanya taarifa binafsi za mtoto. Fomu ya ukurasa mmoja inatosha, kwa lugha mzazi anayoisoma, yenye mambo haya:

- tarehe, saa, mahali, na majina ya watu wazima wawili watakaokuwepo
- kitabu na mwandishi
- kwamba mtoto atatumia jina la kalamu, na hatapewa namba ya mwandishi
- kisanduku cha peke yake cha picha: naruhusu au siruhusu
- kumbukumbu ya gumzo itawekwa wapi na kwa muda gani
- saini na namba ya mzazi, ambayo inabaki kwa mlezi wa kituo tu

Picha iwe na kisanduku chake kwa sababu wazazi wengi wanaokubali gumzo hawakubali picha. Mkiviunganisha mtawapoteza wote.

Kwa upande wa mwandishi, makubaliano ni manne: hajibu ujumbe wa faragha wa mtoto, haulizi jina halisi wala shule, hatoi namba yake, na hapokei miswada ya watoto siku ile. Hili la mwisho huwaumiza watoto, lakini lina sababu. Mwandishi akisoma hadithi ya mtoto leo, na miaka mitatu baadaye akatoa kitabu chenye joka linalofanana, pande zote mbili zitabaki na shaka. Hadithi za watoto zisomwe na kituo chenyewe, siku nyingine.

Kuna jambo moja la kulitarajia ingawa mtatamani lisitokee. Fantasia hufungua midomo. Mtoto anaweza kuandika swali kuhusu mfalme anayempiga binti yake, na kumbe hazungumzii mfalme. Swali la namna hiyo lisisomwe mbele ya wengine. Mlezi amwite pembeni, amsikilize bila kumhoji, asimwahidi siri. Simu ya msaada kwa watoto Uganda ni Sauti 116, bila malipo.

Siku moja kabla

Jaribuni mtandao kwenye kiti kile kile, saa ile ile. Mtandao wa jana usiku si wa leo saa 4. Kila kituo kiwe na laini mbili za kampuni tofauti, kwa mfano MTN na Airtel, zote zikiwa na bando. Kompyuta na simu vichajiwe hadi mwisho. Pawabanki ya mAh 10,000 huchaji simu ya kawaida zaidi ya mara moja, na projekta ikizimika simu itaendelea. Kama hakuna projekta, mchapaji husoma kwa sauti na msaidizi huandika namba ya swali ubaoni. Inafanya kazi vizuri kuliko unavyodhani.

Siku yenyewe

Saa 3:30 watoto wanafika, wanavaa lebo za majina ya kalamu, wanaona video ya salamu. Saa 3:50 wachapaji wote wanaandika "tupo" Jikoni, na mwandishi anaandika "nipo" Sebuleni. Asipoonekana saa 3:55, mwenyeji anapiga simu.

Saa 4:00 mwenyeji anakaribisha kwa sentensi mbili. Si hotuba ya mgeni rasmi. Kisha swali la kura, na hapa mwandishi ndiye anayewauliza watoto: kwa mfano, ungechagua mabawa lakini usiweze kuimba, au uimbe lakini usiweze kukimbia? Watoto wanainua mikono, wachapaji wanahesabu na kuandika Jikoni, mlinda mlango anatangaza. Dakika tano hizi huvunja ukimya wa watoto wanaokaa wima kama wako kwenye mtihani.

Saa 4:05 swali la kwanza. Muundo ni huu: "Swali la 1. Kutoka kwa Chui Mweupe, Binti Mawingu na Mlinzi wa Daraja, Jinja." Halafu swali. Mwandishi anaanza jibu kwa namba ile ile na kwa majina yale, anaandika kwa vipande vya sentensi mbili au tatu, na anamaliza kwa nyota tatu. Bila nyota, swali linalofuata haliendi. Alama hii ndogo ndiyo inayozuia vurugu kubwa kuliko zote: mtandao unachelewesha jumbe, mwandishi bado yuko kwenye swali la 3, kituo kimoja kimeona la 5, na jibu la "ndiyo, alikufa" linaangukia swali lisilo lake.

Maswali ya mwisho wa hadithi yawekwe dakika 15 za mwisho. Kabla ya hapo mlezi awasogeze nje, mlango ukiwa wazi ili watu wazima wote wawili waonane, kwa uji au juisi, watoto ambao hawajamaliza kitabu. Kumfichulia mtoto mwisho ni kumnyang'anya kitu ambacho hakirudishwi.

Saa 5:05 swali la mwisho linakwisha. Saa 5:10 watoto wanaaga kwa pamoja, mchapaji anaandika maneno yao Jikoni kama walivyoyasema, na mlinda mlango anayapeleka Sebuleni. Mkubaliane mapema wamwite nani: Mwalimu, Mzee, Bibi, Anko, Anti. Mwandishi mwenyewe aulizwe anachopenda.

Yanayoharibika mara nyingi

Watu wazima kuuliza. Mwalimu ana swali lake zuri, mgeni wa wilaya ana lake, na maswali manne ya watoto yametoweka. Kanuni iwe moja: mwenye zaidi ya miaka 18 haulizi. Mwandikieni kila mtu mzima anayealikwa, kabla hajaja.

Majibu marefu. Mwandishi mkarimu huandika maneno 250, na maswali 20 huwa manane. Mwenyeji amkumbushe faragha, swali la tatu tu likipita, si la kumi.

Mtoto kuchekwa. Swali limesomwa kwa Kiswahili chake, wenzake wakacheka. Mlezi asikemee kwa sauti. Mchapaji arudie swali polepole kwa heshima na kuendelea. Jibu la mwandishi likija na jina la mtoto yule, kicheko kitaisha chenyewe.

Kiungo cha kikundi kuvuja. Msitumie kiungo kabisa. Waongezeni watu kwa mkono, maana ni wachache.

Mtandao kufa kituo kimoja. Mlinda mlango asogeze maswali ya kituo kile mwisho wa foleni. Wakirudi yatakuwa yanawasubiri. Wasiporudi, mwandishi ayajibu kwa ujumbe wa sauti. Dakika moja ya sauti haifiki nusu megabaiti, na mchapaji anaweza kuipakua jioni mtandao ukitulia.

Baada ya gumzo

Siku hiyo hiyo mlinda mlango anahamisha mazungumzo ya Sebule kuwa faili, anaondoa namba za simu, anabakiza majina ya kalamu. Chapeni nakala kwa kila kituo, karatasi sita hadi nane hivi, ibandikwe ukutani kwenye maktaba. Watoto husoma swali lao hapo mara nyingi kuliko mnavyofikiri, na huja na ndugu zao kuwaonyesha.

Ndani ya siku saba, waiteni watoto tena kwa nusu saa. Wasomeeni majibu yaliyochelewa, waulizeni ni jibu gani hawakubaliani nalo, kisha mwombeni kila mmoja aandike ukurasa mmoja wa dunia yake kwa safu zile tatu: uwezo, bei, mpaka. Siku hiyo vikundi vya Jikoni na Sebule vifungwe, mwandishi akiwa wa kwanza kuondolewa. Fomu za wazazi zenye namba zao ziingie bahasha moja, zikae kwa mlezi wa kituo hadi tarehe iliyoandikwa kwenye fomu, na tarehe hiyo ikifika zichomwe.